Gari Yangu Ilitoka Kwenye Theluji, Gharama Nikazilipa Mimi

Wiki iliyopita kijana mmoja aliye masomoni Montreal, Kanada, aliniandikia saa nane usiku. "Dada, shikamoo. Wewe si ndiye mwenye Subaru? Nataka Legacy GT ya mtumba ya kwendea kazini. Kibarua changu kiko nje ya mji, na theluji ya huku haina huruma. Nichukue?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na ukweli: theluji sijawahi kuikanyaga. Barafu ninayoijua mimi ni ile tunayowamwagia sangara kiwandani. Lakini gari yangu inaijua theluji kuliko wewe. Iliishi Hokkaido, Japani, miaka 13 kabla ya kuja kupanda milima ya Mwanza, na kila ilichofanywa na theluji huko, nimekilipia mimi huku. Kwa hiyo kaa nikusimulie. Na ninyi wengine mnaoitamani Subaru, msiondoke.

Naishi Bwiru, kule juu kwenye majabali. Zamu yangu Igogo inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa na Vitz, gari nzuri kabisa, sitaisema vibaya, ila masika yakianza ilikuwa inafika katikati ya mlima inabaki kuzungusha tairi za mbele tu. Nashuka na sare yangu nyeupe ya kiwandani, nawaita vijana wa bodaboda wasukume, nawalipa, nafika kazini na tope hadi magotini. Msimamizi ananitazama miguu, hasemi kitu. Heri angesema.

Mwaka 2019 nikaamua. Nikaagiza Legacy B4 2.0R ya 2006, nyeusi, inayovuta mbele na nyuma. Injini cc 1,994, haikufika 2,000, hivyo kwenye ushuru wa bidhaa nikapona kidogo, lakini ule wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari iliyopita miaka kumi, haukuniacha. Shemeji yangu alipoiona akacheka. "Shemeji, hii ni gari ya wahuni. Mama wa watoto wawili na Subaru wapi na wapi?" Nikanyamaza. Maneno hayo bado ninayo.

Sasa sikilizeni. Aprili iliyofuata, jioni, mvua imenyesha tangu saa nane mchana. Nafika chini ya mlima, Hiace imekwama kushoto, kirikuu kimekaa upande, na mbele yao Noah ya nani? Ya shemeji. Nikashusha gia hadi ya pili, nikakanyaga mafuta taratibu, sikuikaripia. Ile injini ya Subaru, pistoni zake zimelala ubavu kulia na kushoto, ikawa inanguruma chini chini kama mtu anayekoroma. Gari ikapanda. Ikayumba matako mara moja, ikajishika, ikapanda. Nilipofika usawa wa Noah nikapiga honi. Mara mbili. Usiku ule nilikula ugali na sato nikiwa mwanamke mwingine.

Asubuhi yake, saa kumi na moja, giza, utelezi, nikashuka mlima ule ule kwa kiburi cha jana. Karibu na kona yenye jabali nikakanyaga breki. Pedali ikanitetemekea mguuni, grr grr grr, na gari haikusimama. Ilikuwa inashuka polepole kabisa, ndiyo iliyonitia uchungu, mwendo ambao hata mzee mwenye fimbo angenipita, nami nimeshika usukani siwezi kitu. Bampa ikakutana na jabali, tairi moja ikaingia mtaroni. Mzee mmoja aliyekuwa anakwenda ziwani akainama dirishani, "Mwangaluka, mama." Ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, nikamwitikia. Ningefanyaje?

Mdogo wangu, hapo ndipo nilipoielewa gari. Miguu minne ni ya kuvuta. Kwenye kusimama, hata Vitz yangu ilikuwa na miguu minne. Fahari yote ya kupita waliokwama inaishia pale unapogusa breki, na kuanzia hapo kinachokushika duniani ni tairi, basi.

Na tairi zangu zilikuwaje? Nilikuwa naendesha na zile zile zilizokuja nayo kutoka Japani. Ubavuni zimeandikwa STUDLESS, nikadhani ni jina la kampuni. Kumbe ni tairi za theluji. Mpira wake ni laini makusudi ili usikakamae kwenye baridi. Kwa lami ya barabara ya Makongoro saa saba mchana zilikuwa zimelika kama kifutio cha mtoto wa darasa la kwanza. Kwako wewe mambo yanageuka: tairi za kiangazi zinakuwa ngumu kama soli ya kiatu cha plastiki hata kabla maji hayajaganda, kuanzia nyuzi 7 hivi kushuka. Bahati yako jimbo lenu la Quebec hawabembelezani, sheria inataka tairi za majira ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake isikudanganye, haina maana kwamba tairi ilipimwa kwenye theluji.

Nunua nne. Nasema nne kwa sababu mimi nilinunua mbili.

Hii sehemu huwa siipendi kuisimulia. Baada ya lile jabali, pesa zilikuwa zimekwenda kwenye bampa na taa, nikaweka tairi mpya mbele, nyuma nikaacha zile zilizolika. Miezi mitano baadaye, nikikata kona kali ya kuingia kuegesha, gari inashikwa, kama mtu ameninyanyulia breki ya mkono. Fundi wa kwanza akasema shafti. Tukabadili shafti zote mbili za mbele. Bado. Akasema bushi. Tukabadili bushi. Bado. Siku moja nikamsikia anamwambia kijana wake, "Huyu mama hajui gari, ana pesa tu." Pesa yenyewe ilikuwa ya kikoba.

Fundi wa pili, mzee mtaratibu, hakufungua hata boneti. Alituma mtoto kwa fundi cherehani akaazime futi. Akazungusha futi kwenye tairi moja moja, kama anampima mtu kiuno, akaandika namba kwa chaki sakafuni. Za mbele na za nyuma zilipishana vibaya. Akanieleza: katikati ya gia boksi kuna klachi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Tairi ndogo inazunguka haraka kuliko kubwa, kwa hiyo klachi inasuguana kutwa nzima hata kwenye lami kavu, hadi inaungua. Mzingo wa tairi zote nne usipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Yangu ilikuwa imeshaungua. Nililipa zaidi ya bei ya tairi nne, na shafti zangu nzima za mwanzo nilikwisha kuziacha kwa yule bwana wa kwanza. Natumaini anazifurahia.

Na haikuishia hapo. Mzee alipotaka kufungua boliti za nyuma zikagoma. Akanitazama, akauliza, "Gari hii ilikaa baharini?" Akanivutia taa chini. Juu nyeusi inang'aa, chini kahawia tupu. Akakwaruza bomba la breki kwa bisibisi, likamenyeka magamba kama sangara. Nchi za theluji humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi ile inakula chuma kutokea chini, mahali ambapo hakuna anayepiga picha. Nikafungua simu, nikatafuta ile karatasi ya mnada aliyonitumia dalali mwaka 2019. Herufi S ilikuwapo, ya neno la Kijapani sabi, yaani kutu. Ilikuwa kwenye WhatsApp yangu muda wote ule, chini ya picha za rimu.

Kwa hiyo mambo yako ni hayo, hayazidi. Ingia uvunguni, au umlipe fundi ainyanyue kwenye lifti. Tafuta uwanja mkavu, kata usukani hadi mwisho, zunguka taratibu, na ikishikwashikwa rudisha ufunguo. Tazama tairi nne kama ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Uliza mkanda wa taimingi umebadilishwa lini na udai risiti. Wa injini yangu ya lita mbili Wajapani wenyewe wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Zile injini za lita 2.5 zisizo na turbo za miaka ile zina sifa ya kuvujisha gasketi ya silinda hedi, kwa hiyo tazama maji ya rejeta kama yana mafuta. Na hiyo turbo ya GT usiniulize mimi, muulize anayekupangia bajeti.

Tatizo letu vijana (na mimi nilikuwa kijana hadi juzi) tunanunua sauti. Tunanunua bomba la moshi, beji, na jinsi shemeji atakavyotutazama. Mungu amekupa nafasi ya kusoma ng'ambo, wazazi wanakuombea, halafu unataka kwenda kumalizikia kwenye nguzo ya taa kwa sababu ya honi mbili! Piga magoti ndugu yangu. Uvunguni kwanza.

Nilimwandikia karibu yote haya. Jumamosi akanitumia picha tisa za Legacy aliyoipata, nane za juu na moja ya chini, imepigwa kwa haraka, ina ukungu. Nikaikuza. Bomba la breki lilikuwa kahawia, na kwenye kingo za bodi kuna tundu ninaloweza kupitisha kidole. Nikamjibu aiache.

Akakaa kimya saa nzima. Kisha ikaingia: "Sawa dada. Ila ungeisikia ilivyowaka."