Maswali Yenu: Majaribio yote yamepita, mbona hesabu si sahihi?

SWALI: Mhariri, salaam. Tuko vijana watatu hapa Masasi, tunatengeneza programu ya kukokotoa malipo ya wanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) baada ya mnada wa korosho. Akili mnemba imetuandikia majaribio 140 ya kuhakiki programu. Yote yanapita, na yanagusa asilimia 94 ya msimbo, yaani maagizo yanayounda programu. Tulipolinganisha na daftari la karani, baadhi ya wakulima wamepunjwa shilingi moja, na jumla ya mnada wa tani 1,000 kwa shilingi 3,000 kwa kilo imesomeka -1,294,967,296 kwenye simu. Tumekosea wapi?

JIBU: Mliipa akili mnemba msimbo wenu, mkaiagiza iuandikie majaribio. Ikausoma, ikaona unafanya nini, ikaandika kwamba hicho ndicho sahihi. Kasoro iliyokuwa kwenye msimbo ikahamia kwenye jaribio, na sasa jaribio linailinda. Zile asilimia 94 zinahesabu mistari iliyopitiwa tu. Hazisemi kama majibu yake ni ya kweli.

Tuanze na shilingi moja. Kilo 487.5 kwa bei ya mfano ya 3,215 ni 1,567,312.5. Karani hupandisha nusu, anaandika 1,567,313. Kama hesabu mmeifanya kwa lugha ya programu ya Python, amri yake ya kukadiria, round, hupeleka nusu kamili kwenye namba shufwa iliyo karibu, hivyo inatoa 1,567,312. Jaribio lililotokana na msimbo huo litadai 1,567,312 na litapita kila siku.

Ile jumla hasi inajieleza yenyewe. Ongezeni 4,294,967,296 mtapata bilioni 3 kamili. Maana yake jumla imewekwa kwenye namba ya biti 32, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Ikizidi hapo inazunguka na kuingia upande wa hasi. Tazameni sehemu ya simu: kama imeandikwa kwa lugha ya Kotlin au Java, Int (namba ya biti 32) igeuzwe kuwa Long (ya biti 64) kabla ya kuzidisha, kwani ukigeuza baada ya kuzidisha, namba imeshaharibika. Nina hakika majaribio yenu yametumia kilo 10, 50 na 100. Mashine hupenda namba nyepesi, na haijui mnada wa kusini una ukubwa gani mpaka uiambie.

Sasa fanyeni hivi. Kaeni na karani na stakabadhi 20 za msimu uliopita, mkokotoe kwa mkono bila kufungua programu. Msichague zilizonyooka tu: iwepo ya kilo zenye nusu, ya korosho za daraja la pili, ya mwanachama ambaye deni la pembejeo linazidi malipo yake, na ya aliyeleta mzigo mara mbili siku moja. Andikeni pia kanuni za makato kwenye ukurasa mmoja, ikiwemo namna ya kupandisha nusu shilingi. Ipeni akili mnemba ukurasa huo na jedwali la majibu, msimbo mkauficha, ndipo iandike majaribio. Kwa kazi hiyo ni hodari kweli, na itawaokolea siku kadhaa.

Kisha haribuni msimbo kwa makusudi. Geuzeni alama ya kujumlisha iwe ya kutoa, au "zaidi ya" iwe "zaidi ya au sawa na", badiliko moja kwa wakati, mwendeshe majaribio. Yakipita yote, pale hapana mlinzi. Kwa Python kuna zana ya mutmut, kwa Java kuna PIT, zinazofanya uharibifu huo zenyewe. Mimi naiamini hesabu ya uharibifu ulionaswa na majaribio kuliko asilimia yoyote ya mistari iliyopitiwa.

SWALI: Tuko Lindi. Tumenunua zana ya kujaribu kurasa ambayo kitufe kikihamishwa inakitafuta yenyewe. Je, inaaminika? Na kuna majaribio leo yanapita, kesho yanakwama.

JIBU: Itumieni, lakini kila ilipojirekebisha mtu apitie kabla ya kukubali. Ikikosa "Thibitisha malipo" inaweza kubonyeza "Thibitisha baadaye" na kuripoti kuwa imefaulu. Jaribio lisiishie kwenye kubonyeza, liulize hifadhidata kama malipo yameandikwa.

Hayo yanayokwamakwama mara nyingi husubiri sekunde zilizopangwa, tuseme 5. Yasubiri kitu chenyewe kitokee. Na msijaribu kwa mtandao wa ofisini tu. Kateni mtandao katikati ya kutuma, mbonyeze tena, kama atakavyofanya karani aliyeko Liwale pindi mtandao ukilegea. Malipo lazima yaende mara moja tu, na hilo linawezekana ikiwa simu inatoa namba ya muamala kabla ya kutuma na seva inaikataa ikija mara ya pili.

SWALI: Tunaweza kuipa akili mnemba orodha halisi ya wanachama ili majaribio yawe ya kweli? (Mtwara)

JIBU: Hapana. Majina na simu za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Iagizeni itunge wanachama 200 wa kubuni, mkiitajia yanayosumbua huku kwetu: watatu wenye majina sawa kabisa, jina lenye Ng' ambalo ritifaa yake huvunja maombi ya hifadhidata yaliyoandikwa ovyo, mwanachama asiye na simu, na namba iliyopoteza sifuri ya mwanzo baada ya kupita kwenye Excel.