Barua kwa mwanangu: leseni ni yako, sio ya wakala

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma nikiwa kazini nikaona hili sio la kujibu kwa voisi ya dakika mbili, acha nikae niandike. Unasema CF, ile kazi ya kwanza chini ya msimamizi kwa sisi watu wa tiba ya usemi na kumeza huku Marekani, umemaliza, wiki 36 zimeisha na masaa 1260 yametimia (hongera sana mama, nimefurahi mpaka nimewaambia watu wa kanisani wote), na sasa kuna wakala wa kazi za kusafiri amekupigia ana kandarasi ya wiki 13 hospitali moja huko California, uanze mwezi ujao, na leseni anasema "tuachie sisi". Unauliza usaini, ama utulie hapo Ohio usubiri ule mkataba wa majimbo, wa kutambuliana leseni, ukuruhusu kwenda kokote.

California omba leo. Lakini mwezi ujao usikubali, na leseni usimwachie mtu.

Kabla hata ya California kuna kitu hapo hapo Ohio. Ile leseni uliyofanyia CF ni ya masharti, haikufikishi popote. Badilisha kwanza iwe leseni kamili, na ombi la cheti cha ASHA, chama chetu cha taifa (cheti chenyewe ndo CCC), liingie wakati huo huo ukishasainiwa karatasi zako za CF, manake majimbo mengi ukiwa na CCC wanakurahisishia, hawaanzi kukuhesabia tena masaa ya kliniki uliyofanya chuoni. Hiyo ya Ohio ndo mama wa leseni zako zote, kila bodi utakayoomba itataka bodi ya Ohio iwatumie barua moja kwa moja kwamba unajulikana na huna kesi. Sio wewe utume, bodi kwa bodi. Na ukishakuwa na tatu nne, jimbo la tano litataka barua kutoka kwa zote, hata ile uliyoiacha ikaisha zamani. Kwa hiyo usikusanye leseni kama vikombe vya kabati, chukua ya jimbo unalojua utaenda.

California wanachelewa, jua hivyo. Wanaweza kutaka transkripti itoke chuo yenyewe na matokeo ya Praxis (ule mtihani wa taifa wa fani yetu), na alama za vidole lazima. Hizo alama ndo zinakula muda. Ukiwa ndani ya California unaenda kwenye mashine unawekewa vidole kwenye kioo zinaruka zenyewe, ukiwa nje unapakwa wino kwenye kadi, kadi inatumwa kwa posta, na vidole vyetu sisi tunaonawa mikono na sanitaiza kutwa nzima kuingia chumba cha mgonjwa na kutoka, mistari imefifia, kadi inarudishwa unaanza upya. Paka losheni usiku wake, na mwambie anayekupaka abonyeze polepole azungushe kidole kutoka kucha mpaka kucha. Alafu jina. Wewe umeolewa, chuo kina jina la baba yako, pasipoti ina majina matatu, leseni ya gari ina mawili. Ambatanisha cheti cha ndoa kila mahali hata kama hawajaomba, faili linaweza kulala wiki na wiki kwa sababu ya jina la katikati tu.

Sasa kuhusu mkataba wa majimbo. Ni kitu kizuri nakiunga mkono, ulishika kisheria 2021 yalipotimia majimbo 10 na sasa yamezidi 30, Ohio imo. Lakini toka sheria ipite mpaka mtu apate ruhusa mkononi imechukua miaka, mifumo ya kompyuta ilibidi ijengwe bodi zisomane, na jimbo kupitisha sheria sio sawa na jimbo kuanza kutoa ruhusa. Angalia jimbo kwa jimbo kabla hujasaini chochote. Na California haimo, kwa hiyo ukisubiri mkataba kwa ajili ya California utasubiri bure. Alafu elewa inavyofanya kazi: ruhusa inaning'inia kwenye leseni ya nyumbani, pale unapoishi kweli. Ya Ohio ikiisha au ikipata doa, ruhusa zote zinaanguka siku moja. Ndo manake nakwambia nyumba ya Columbus usiiachie, lipa kodi yako ya pango, leseni ya gari ibaki ya Ohio. Hata IRS, watu wa kodi ya mapato, inakutazama hapo hapo, ile posho ya nyumba na chakula isiyokatwa kodi ni ya mtu mwenye makazi anayoyalipia kwingine, na ukikaa mji mmoja zaidi ya mwaka haihesabiki tena kama safari.

Kuitunza sasa. Hapa ndo watu wazuri wanaangukia. ASHA wanataka masaa 30 ya masomo kila miaka mitatu, California 24 kila miaka miwili, Florida wana somo lao la makosa ya kitabibu lazima ulifanye, Texas wana mtihani wa sheria zao kabla hawajakupa. Tarehe hazifanani hata kidogo. Mimi nina daftari moja, ukurasa mmoja kila jimbo: namba, siku inayoisha, masaa nimefanya mangapi, paswedi, na anwani waliyonayo, kwa sababu ukihama unatakiwa kuwaambia, mara nyingi ndani ya siku 30, na travela anahama kila msimu. Weka anwani isiyobadilika, weka ya kwangu. Imeli weka yako binafsi, sio ya kazi, kandarasi ikiisha imeli ya kazi inafungwa na onyo la bodi linaenda huko huko.

Kuna wakala mmoja aliwahi kuniambia anza tu Jumatatu leseni "iko njiani". Nilikataa. Fikiria mwanangu, umeingia chumbani kuna mzee wa kiharusi, umempa maji kijiko kimoja, sauti imekuwa ya majimaji, amekohoa, wewe ndo unaandika anywe nini na ale nini, nesi na jikoni wanafuata karatasi yako. Saini ile bila leseni ya jimbo lile ni kosa la sheria, na mzee akipata nimonia anayeulizwa sio wakala, ni wewe. Usiguse mgonjwa mpaka namba yako ionekane kwenye tovuti ya bodi, piga skrinishoti uhifadhi. Na hata kwa video ni hivyo hivyo, ukiwa sebuleni kwako Columbus na mtoto yuko Indiana unahitaji ruhusa ya Indiana.

Wakala mwambie hivi: nitaanza wiki mbili baada ya leseni kutoka, ada mtanirudishia na iandikwe, na leseni ikichelewa hamnitozi faini ya nyumba. Kazi zingine za shule muulize kama wanataka na cheti cha idara ya elimu. Akikasirika mwache, wako wengi. Nitumie hiyo kandarasi leo usiku nisome kile kipengele cha kughairi kabla hujaweka saini, na kesho asubuhi piga simu chuoni kuhusu transkripti.

Mama