Mdhamini wa kupangia nyumba

Dada, umesema mama mwenye nyumba wa Isamilo, unakotaka kuhamia, anataka mtu wa kukudhamini, na kule Igoma umepanga bila mkataba wa maandishi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa ichukue, ila yeye anathibitisha makazi tu. Hajui kama kodi unalipa. Anayejua ni mzee mwenye nyumba wako wa Igoma. Mfuate kabla hujaaga, bili ya maji ikiwa imelipwa, aandike mistari mitatu: umeingia lini, kodi hukuchelewesha, namba yake ya simu. Kama kuandika kunamchosha, andika wewe, asome, asaini. Meseji za miamala ya kodi zichapishe stationari, uambatanishe. Dalali asikudhamini hata akijipendekeza. Anakula kamisheni hapohapo ukipanga, na mama huyo analijua hilo.