Wagonjwa wameongezeka, au waliopimwa ndio walioongezeka?

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni mtangazaji wa redio ndogo ya mtaani huku Kisauni, Mombasa, na juzi nimekabidhiwa kipindi cha afya. Nimekuwa nikisikiliza kanda zetu za mwaka 2020 ili nijifunze, na taarifa nyingi za korona zilikwenda hivi: "Leo wagonjwa 120, jana walikuwa 50." Je, ilikuwa sawa? Likija janga jingine, takwimu za wizara nizisome vipi hewani? Na uvumi, kama ule wa ndimu na tangawizi, niutaje au niunyamazie?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Haikuwa sawa, na taarifa za namna hiyo nimezisoma mimi mwenyewe, kwa hivyo hapa simnyoshei mtu kidole.

Baada ya Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, kutangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, wizara ilikuwa ikitoa takwimu karibu kila siku. Zilikuja mbili pamoja: sampuli ngapi zimepimwa, na ngapi zimepatikana na virusi. Sisi tuliidaka ile ya pili tukakimbia nayo studio. Sasa chukua mfano wako huo huo, nami nitaujazia idadi za kubuni. Jana zilipimwa sampuli 1,000, zikapatikana 50. Leo zimepimwa 4,000, zikapatikana 120. Kichwa cha habari kitasema wagonjwa wameongezeka zaidi ya maradufu. Ukigawanya, jana ni 5 katika kila 100, leo ni 3.

Lakini usikimbilie pia kutangaza nafuu. Uliza kwanza ni nani waliopimwa. Mwezi Mei 2020 madereva wa malori ya masafa marefu walitakiwa wawe na cheti cha kuonyesha hawana virusi kabla ya kuondoka na mizigo ya bandarini. Watu wazima wa afya, hawakohoi, wanapanga foleni wapimwe kwa sababu ya kazi. Ukiwajumlisha na wagonjwa waliofika hospitalini wakihema, ile hesabu ya katika mia inashuka hata kama mitaani hakujabadilika kitu. Na dereva mmoja akipimwa safari mbili ni sampuli mbili, si watu wawili.

Kuna neno lililotuponza zaidi: "kiwango cha maambukizi". Tulikuwa tukisema "kiwango cha maambukizi Mombasa ni asilimia 3", na msikilizaji aliye kwenye matatu anaelewa kuwa watu 3 katika kila 100 wa Mombasa wanaumwa. Sensa ya 2019 ilitupa watu milioni 1.2 na ushei. Asilimia 3 yao ni kama watu 36,000. Hakuna aliyesema hivyo, ila ndivyo ilivyosikika. Mimi siku hizi neno hilo nimeliacha kabisa. Sema hivi:

"Kati ya kila sampuli mia zilizopimwa, tatu zimepatikana na virusi. Wiki iliyopita zilikuwa tano."

Linganisha wiki kwa wiki, usilinganishe jana na leo. Mwisho wa wiki sampuli hupungua na majibu hukawia, kisha yakitoka kwa mpigo Jumanne inaonekana kama balaa limeshuka. Vifo navyo viulize tarehe. Ilitokea wizara ikatangaza vifo vingi siku moja, kumbe vingine ni vya wiki za nyuma, vimepatikana kwa kukagua rekodi za hospitali. Ukisema "leo wamefariki" utakuwa umedanganya bila kukusudia.

Jambo ambalo hukuliuliza ni majina ya mitaa. Tarehe 6 Mei 2020 serikali ilipofunga Mji wa Kale hapa Mombasa, mimi nilisoma hewani kuwa huko ndiko "kitovu cha korona". Kesho yake akanipigia mama mmoja wa huko anayeuza mahamri. Akaniambia, "Mwanangu, umenikalisha na beseni zima tangu alfajiri." Hakuwa na homa, hakuwa na mgonjwa nyumbani. Mtaa utaje, maana watu wana haki ya kujua njia gani imefungwa na wapi pa kupimwa, lakini uutaje pamoja na hayo. Jina la mtaa likitajwa peke yake na idadi ya wagonjwa, wenyeji hujificha, na mtu anayejificha hapimwi. Halafu hesabu zako zote nilizokueleza hapo juu zinaharibika tangu mwanzo.

Uvumi sasa. Usiunyamazie ukishaona umefika barazani, wala usiufanye kichwa cha habari. Ukianza na "Je, ndimu na tangawizi inatibu korona?", aliyeshuka matatu pale Buxton kabla hujamaliza ameondoka na ndimu yake. Anza na lililo kweli: "Hakuna ushahidi kwamba ndimu wala tangawizi inaua virusi vya korona." Uvumi utaje mara moja, eleza kwa nini watu wanauamini (chai ya tangawizi inatuliza koo kweli, hilo usilikatae, utaonekana huijui nyumba yako), kisha rudia lile la kweli na useme mtu aende wapi akibanwa na pumzi. Kama daktari wako studioni hana jibu, mwache aseme hana, na mtaje siku mtakayolirudia swali hilo. Siku hiyo ikifika mlirudie, hata kama jibu bado halijapatikana, kwa sababu kuna mtu atakuwa amefungua redio kwa ajili yake.