Namba au tarakimu? Kisa cha 142,857

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu wa darasa la sita amenionyesha kwamba 142,857 ukiizidisha kwa 2, 3, 4, 5 au 6, "namba ni zile zile, zimehama tu." Nahisi sentensi hiyo ina kasoro, ila nimeshindwa kumweleza iko wapi. Halafu tuisomeje? Mimi nasema laki moja, yeye elfu mia moja.

JIBU: Marahaba. Kasoro ipo kweli. 142,857 mara 2 ni 285,714. Mara 3 ni 428,571. Mara 6 ni 857,142. Hizo ni namba mbalimbali, kila moja na thamani yake. Ukilipwa ya mwisho badala ya ya kwanza utaiona tofauti! Zilizobaki zile zile ni tarakimu: 1, 4, 2, 8, 5, 7. Zinafuatana vile vile kama watoto walioshikana mikono kwenye duara, anabadilika wa kutangulia tu. Tarakimu kwa namba ni kama herufi kwa neno. Kwa hiyo binti aseme: "Tarakimu ni zile zile, zimehama tu." Zidisha kwa 7 upate 999,999, hapo namba ni moja na tarakimu ni moja, imeandikwa mara sita.

Akikuuliza sababu, mwambie agawanye 1 kwa 7 kwa mkono. Mabaki yatakuja 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1, na hesabu inaanza upya: 0.142857142857... bila kikomo. Akianza na 2 badala ya 1, anaingia kwenye duara lile lile kwa mlango mwingine.

Kuhusu kusoma, nyote mko sahihi. Mimi nipo upande wako: "laki moja, elfu arobaini na mbili, mia nane hamsini na saba." Laki, tuliyoipata kwa Wahindi, inapunguza mzigo wa elfu. "Elfu mia moja arobaini na mbili, mia nane hamsini na saba" nayo ni Kiswahili safi, ila ina maneno mengi kabla msikilizaji hajajua elfu zinaishia wapi.

Na hapo ndipo penye mtego. Ukisikia "elfu arobaini na mbili" peke yake, ni 42,000 au 40,002? Kwa kawaida tunaelewa 42,000. Ukikusudia 40,002, geuza: "arobaini elfu na mbili." Kwenye fedha, taja shilingi kabisa: "elfu arobaini na shilingi mbili." Kwenye hati ya malipo, andika kwa tarakimu na kwa maneno pia.