Kaka anataka kutupa tramadoli na kuvuta bangi badala yake: ni salama?

Swali: Habari mfamasia. Kaka yangu alipasuliwa mgongo miaka miwili iliyopita, akaandikiwa tramadoli, dawa kali ya maumivu. Maumivu yalipungua lakini vidonge havikupungua. Alianza na viwili kwa siku, sasa anameza vinane vya miligramu 50, na akikosa hata siku moja anatokwa jasho, anaharisha na usiku halali. Ana rafiki aliyehamia Kanada. Huyo amemwambia kwamba bangi ikihalalishwa watu wanaacha kufa kwa dawa za maumivu, kwa hiyo avitupe vidonge vyote avute bangi, itamtoa. Amemtumia na takwimu za Marekani. Je, ni kweli? Na kama nchi kubwa zimeihalalisha, si ina maana haina madhara?

Jibu: Dada, nianze na lisilosubiri: vidonge visitupwe. Haya mengine unaweza kuyasoma kesho, lakini hilo mwambie kaka leo hii. Mtu aliyetumia dawa ya jamii ya afyuni kila siku kwa miaka miwili hapaswi kuikata ghafla, awe na bangi au asiwe nayo. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hili hili. Ilikuwa imepokea taarifa za wagonjwa waliokatishiwa dawa kwa ghafla wakaingia kwenye arosto kali (mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea), maumivu yakarudi kwa kishindo, na wengine wakafikia kujiua.

Sasa hizo takwimu. Hukuniwekea makala yenyewe, lakini habari hii inazunguka sana na karibu kila mara chimbuko lake ni utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014. Watafiti walilinganisha majimbo ya Marekani kati ya 1999 na 2010, wakaona kwamba yale yaliyoruhusu bangi kama tiba yalikuwa na vifo vya kuzidisha dawa za afyuni pungufu kwa karibu asilimia 25. Wao wenyewe waliandika kwa tahadhari. Walioisambaza habari hawakuwa na tahadhari yoyote, na baadhi ya wafanyabiashara wa bangi waliibandika kama tangazo.

Mwaka 2019 watafiti wengine walirudia hesabu kwa njia ile ile, ila wakaendelea hadi 2017. Matokeo yakageuka kichwa chini miguu juu: majimbo yenye sheria hizo sasa yalionekana kuwa na vifo zaidi kwa karibu asilimia 23. Je, bangi ilikuwa imeanza kuua? Hapana. Katikati hapo ilikuwa imeingia fentanili, dawa nyingine ya jamii ya afyuni, ambayo nguvu yake ni mara 50 hadi 100 ya mofini, na kuanzia kama 2013 ilibadilisha kabisa soko la mitaani la Marekani. Isitoshe, waliokuwa wakitumia bangi ya tiba walikuwa sehemu ndogo tu ya wakazi, wasingeweza kupandisha wala kushusha vifo vya jimbo zima kwa kiasi hicho. Ukilinganisha majimbo utajua habari za majimbo. Mgongo wa kaka yako haumo humo.

Kinachomhusu zaidi ni utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2018, kwa sababu ulifuatilia watu wa aina yake: zaidi ya 1,500 waliokuwa na maumivu sugu yasiyo ya saratani na wanatumia dawa za afyuni. Walifuatiliwa kwa miaka 4. Waliokuwa wakitumia bangi hawakuwa na maumivu kidogo kuliko wenzao, walikuwa nayo zaidi, na hapakuonekana dalili kwamba bangi iliwasaidia kupunguza vidonge. Haina maana kwamba bangi iliwaongezea maumivu. Huenda wenye maumivu makali ndio walioikimbilia. Lakini ile ahadi ya “itamtoa” haikuonekana.

Ukiangalia mwilini utaelewa kwa nini. Tramadoli, kodeini, mofini, heroini na fentanili zote hushika vipokezi (sehemu za seli zinazopokea dawa) vya aina moja, vinavyoitwa mu. Vipokezi hivyo viko kwenye njia zinazobeba maumivu, viko kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na raha, viko kwenye utumbo (ndiyo maana wanaotumia dawa hizi hupata choo kigumu), na viko kwenye shina la ubongo, panapoendeshwa pumzi. Kiungo kikuu cha bangi, THC, hushika vipokezi vingine kabisa, CB1. Kwa hiyo kaka akiacha tramadoli na kuvuta bangi, vipokezi vya mu vinabaki vitupu na vinaendelea kudai. Pengine bangi itampunguzia kichefuchefu au itamletea usingizi. Arosto yenyewe haitaizima. Methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa afyuni, huizima kwa sababu zinakaa kwenye kipokezi kile kile, taratibu na kwa muda mrefu, bila kupandisha na kushusha.

Hapo hapo niwape haki yao watetezi wa bangi: kwenye eneo la ubongo linaloendesha pumzi, vipokezi vya CB1 ni vichache mno. Mtu mzima akizidisha bangi atatapika, moyo utaenda mbio, atajawa na hofu, lakini kwa kawaida hataacha kupumua. Akizidisha afyuni, kinachomuua ni pumzi. Mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, midomo na kucha hugeuka buluu au kijivu, na pumzi huwa chache zikiambatana na mkoromo mzito. Familia nyingi zimeusikia mkoromo huo zikadhani mtu amepata usingizi mzuri.

Kinachonitisha zaidi katika mpango wa rafiki yake ni uvumilivu wa mwili. Vidonge vinane ni miligramu 400, ambayo ndiyo kikomo cha siku kwa mtu mzima. Mwili wake umezoea kiasi hicho polepole. Akikata ghafla, uvumilivu unaanza kushuka ndani ya siku chache, ila hamu na maumivu havishuki kwa kasi hiyo. Watu wengi hushindwa katikati na kurudia, na wanaporudia huchukua kipimo chao cha zamani kwa mwili ambao si ule wa zamani. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Washington na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wafungwa walipoachiliwa, katika wiki 2 za kwanza hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya raia wengine. Hawakuwa wametoka na sumu mpya. Wengi wao uvumilivu ulikuwa umekwisha huko ndani. Kaka naye, akiwa amevitupa vidonge vya hospitali, atarudia vidonge gani? Vya mtaani. Na kidonge cha mtaani kinaweza kuonekana sawasawa na cha dukani, rangi na maandishi yote, kumbe ndani kuna fentanili.

Tramadoli ina kituko chake pia. Haishiki mu peke yake. Inagusa mifumo ya serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo, kama baadhi ya dawa za sonona. Ndiyo maana ikizidishwa inaweza kuleta degedege, hasa kwa anayetumia dawa za sonona, na ndiyo maana arosto yake wakati mwingine huja na mambo ambayo familia haiyategemei: hofu kuu ya ghafla, ganzi na michomo mwilini, hata kuona vitu ambavyo havipo. Nimeona watu wakidhani mgonjwa amerukwa na akili wakati ameishiwa vidonge tu.

Swali lako la pili nalijibu kwa ufupi: hapana. Pombe na sigara ni halali karibu kila mahali na hakuna anayedai hazina madhara. Uruguay ilipitisha sheria yake mwaka 2013, maduka ya jimbo la Colorado, Marekani, yalianza kuuza Januari 2014, Kanada ikafuata Oktoba 2018 na Ujerumani Aprili 2024. Hakuna kati yao iliyosema bangi ni salama. Hoja zilikuwa kupunguza soko la magendo, kuacha kujaza mahabusu watu waliokamatwa na msokoto mmoja, kukusanya kodi, na kujua kilichomo ndani ya bidhaa. Hilo la mwisho mimi kama mfamasia nalithamini. Colorado imeweka kikomo cha miligramu 10 za THC kwa kipimo kimoja cha bangi ya kula, na Kanada imeweka 10 kwa pakiti nzima. Kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ni afadhali kuliko kubahatisha.

Gharama zake nazo zipo. Bidhaa zimekuwa kali: bangi iliyokamatwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na THC ya asilimia 4 hivi, leo kuna mafuta na nta zenye asilimia 60 na zaidi. Mwaka 2022 Wamarekani waliosema wanatumia bangi kila siku au karibu kila siku walifika milioni 17.7, wakawazidi wanaokunywa pombe kwa kiwango hicho. Na kuna watoto. Kesi za watoto chini ya miaka 6 waliokula peremende au keki zenye bangi, zilizoripotiwa kwa vituo vya sumu nchini humo, zilipanda kutoka 207 mwaka 2017 hadi 3,054 mwaka 2021. Ile hoja ya pumzi niliyowapa watetezi haimfai mtoto mdogo: yeye anaweza kulala fofofo na pumzi yake ikadhoofika mpaka alazwe. Kwa watu wazima, wanaotumia bangi kali kila siku ndio wanaoonekana zaidi na saikosisi (kuona au kusikia yasiyokuwepo na kuamini yasiyo kweli), na kuna wengine wanaopata kutapika kusikokoma ambako, ajabu, hutulia kidogo wakioga maji ya moto. Uraibu wa bangi nao upo, ingawa hauui kama wa afyuni.

Turudi kwa kaka. Jasho, kuharisha na kukosa usingizi anapokosa dozi ni dalili za utegemezi wa mwili. Karibu kila mtu angezipata baada ya miaka miwili ya dawa hii. Uraibu ni zaidi ya hapo: kutumia kupita alivyoandikiwa, kuficha, kuzunguka kwa madaktari wawili watatu, kuacha kazi na watu kwa ajili ya kidonge. Ninatofautisha haya mawili kwa sababu njia za tiba zinaachana. Akiwa na utegemezi pekee, anapunguziwa taratibu. Akiwa na uraibu, mara nyingi kupunguza peke yake hakutoshi, na buprenofini au methadoni ndiyo tiba iliyothibitika kupunguza vifo. Atakayekuambia kwamba hiyo ni kubadilisha teja wa dawa moja kuwa teja wa nyingine, muulize amewaona wangapi wamerudi kazini kwa hiyo “nyingine”.

Kupunguza kwenyewe ni kazi ya subira. Kwa aliyetumia zaidi ya mwaka, mwongozo unaokubalika ni kushuka kama asilimia 10 kwa mwezi, wakati mwingine polepole zaidi. Asilimia 10 ya 400 ni 40, na kidonge chake ni cha 50, kwa hiyo daktari anaweza kuanza kwa kuondoa kimoja: vinane vinakuwa saba, na anakaa hapo mpaka alale vizuri na tumbo litulie. Mara nyingi tunaondoa kwanza cha mchana. Cha usiku kinaachwa mwishoni. Akifika chini, kidonge kimoja kinakuwa pengo kubwa, ndipo hubadilishiwa matone au vidonge vya kipimo kidogo. Kama alivyo navyo ni vile vinavyotoa dawa polepole, asivikate wala kuvisaga, kwa sababu dozi ya saa nyingi itaingia kwa mkupuo. Wiki ikiwa ngumu anasimama pale alipo. Na maumivu ya mgongo yatibiwe kwa njia yake, kuanzia mazoezi ya tiba ya viungo, la sivyo mpango wote utavunjika.

Kama ameshaanza kuvuta bangi, amwambie daktari bila kuona haya. Bangi na tramadoli zote hulevya na kulegeza, na akiongeza pombe au diazepamu (dawa ya kutuliza na usingizi) hatari ya pumzi inapanda sana.

Ulizeni pia kuhusu naloksoni, dawa ya dharura kwa aliyezidisha afyuni, ya kupulizia puani au ya sindano. Huisukuma dawa ya afyuni itoke kwenye kipokezi na pumzi hurudi ndani ya dakika chache. Kwa tramadoli inafanya kazi nusu nusu na degedege haiizuii, lakini mtu asiyepumua apewe tu. Nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90, wakati dawa iliyomzidia inaweza kukaa mwilini zaidi ya hapo, kwa hiyo ambulensi iitwe hata akiamka na kusema yuko sawa. Akae nayo mtu mwingine wa nyumbani, maana mgonjwa hawezi kujipa.

Naomba unijibu haya matatu ili tuendelee: vidonge vyake ni vya kawaida au vya kutoa dawa polepole, anatumia dawa nyingine yoyote ya usingizi au sonona, na amewahi kupata degedege?