Tofali 2,400 na Jumamosi zetu

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa: "Mlipojenga nyumba yenu, hatua ipi iliwachukua muda mrefu kuliko mlivyopanga, na je, mngeirudia?" Najua wengi watawaandikia kupaua, maana mbao na bati ndizo zinazofilisi watu. Ukipita Chanika au Kivule, pembezoni mwa Dar, utaona maboma yaliyoota mipapai ndani, yanasubiri bati mwaka wa nne. Sisi hatukufika huko ndipo tukwame. Tulikwama kwenye tofali. Kazi tuliyoipangia miezi sita ilitukalia miezi kumi na moja.

Mimi ni mshonaji, mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Gongo la Mboto, kiwanja kiko Chanika. Kisa cha kiwanja nakiacha, kila aliyenunua kiwanja Dar anacho chake na vyote vinaanzia kwa dalali. Mwaka 2019 tulikuwa na ramani ya vyumba vitatu, sebule na jiko, pamoja na hesabu ya fundi: tofali 2,400 za inchi 5, za msingi zikiwa za kulaza.

Tukaanza kama wenzetu, kwa kununua. Tofali 100 za kwanza zililetwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kutoka kwa mfyatuaji mmoja wa barabarani. Hazijaisha kushushwa, saba zimeshakatika. Fundi akachukua moja nzima, akainyanyua usawa wa kiuno, akaiachia. Ikameguka kama andazi la juzi. Akaokota kipande akakisugua kwa kidole gumba, mchanga ukawa unamiminika tu. Akaniambia, "Mama, humu saruji ilipita inasalimia."

Nikamuuliza mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa tofali ngapi. Akacheka. Alisema inategemea unamuuliza nani: anayejijengea atakwambia 25, anayeuza atatoa 40, na akiwa anadaiwa ada ya mtoto atafika 50.

Usiku ule tukaamua kufyatua wenyewe, mume wangu akakaa na kalamu. Tofali 2,400 kwa 25 ni mifuko 96. Jumamosi moja mifuko minne, tofali 100, basi Jumamosi 24 tumemaliza. Hesabu ya mwalimu hiyo, ubaoni haina kosa. Haikuweka misiba, harusi, mtoto kuugua malaria, wala ile Jumamosi ambayo mshahara umechelewa na saruji iko dukani inatutazama.

Agosti 2019 tukakodi mashine ya mkono ya kufyatulia, tukatafuta vijana wawili, tukaanza. Lori la kwanza la mchanga fundi alilikataa. Aliuchota, akausugua viganjani, akatuonyesha mikono imebaki myekundu: udongo. Mchanga mzuri ukiupukuta kiganja kinabaki kama kilivyokuwa. Hasara ya lori lile tukaifukia kwenye mashimo ya njia ya kuingilia kiwanjani, na majirani wakatushukuru kwa moyo wetu wa kujitolea.

Mfuko mmoja tuliuwekea toroli tano za mchanga. Unageuza kwa koleo ukiwa mkavu, mara tatu, mpaka usione tena mistari ya kijivu, ndipo maji yaingie kidogo kidogo. Hapo kwenye maji ndipo penye ufundi, na hapo ndipo mimi mshonaji niliwapita vijana. Yakizidi, tofali inatoka kwenye mashine inainama kama mzee. Yakipungua, inabomoka ukiinyanyua tu. Kipimo changu kilikuwa machicha ya nazi yaliyokwisha kukamuliwa tui la kwanza. Ukiyafumbata yanashikana, ukifungua mkono kiganja kimelowa kidogo, hakichuruziki. Nikifumbata mchanganyiko nikaona machicha, nasema gongeni. Kifuniko kinagongwa, tofali inatolewa na ubao wake, inapangwa chini ya mwembe.

Sasa kumwagilia. Watu wengi wanadhani tofali inaanikwa ikauke kama dagaa. Saruji haishiki kwa kukauka, inashika kwa kula maji. Ukiinyima siku za mwanzo, jua likaichapa, utabaki na umbo la tofali tu. Asubuhi ya pili unaanza kuzilowesha, unazifunika magunia, unaendelea asubuhi na jioni siku saba kwa uchache. Sisi tunaamka Gongo la Mboto, mmoja yuko darasani, mwingine kwenye cherehani. Nani amwagilie Chanika?

Mama mkwe wangu ndiye aliyejitolea. Alikuja Dar kutoka Muheza kwa ajili ya macho, alipopona akasema kukaa chumba cha kupanga kunamuumiza mgongo. Akahamia kwenye kibanda cha stoo pale kiwanjani na kijana wetu mkubwa, aliyekuwa amemaliza tu darasa la saba. Akatoboa kopo la rangi kwa msumari, likawa chombo chake cha kumwagilia. Maji yalikuwa ya kununua kwa dumu kwenye kisima cha jirani, na niwaonye wenzangu, hakuna fundi anayekuandikia maji kwenye makadirio. Siku ya nane mume wangu akamwambia, mama, hizi zinatosha. Akajibiwa, "Mzazi anakaa arobaini, nyinyi hizi mnazitoa saba?" Akaendelea kumwagilia, tukaendelea kulipia madumu.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Mume wangu na watoto wote wakawa nyumbani, yaani kiwanjani, na masika yakaingia. Mvua tuliiogopa bure. Tofali iliyotoka siku hiyo hiyo lazima uifunike turubai, ila ikishafika siku ya tatu mvua inakufanyia kazi bila malipo. Miezi ile ndiyo tulifyatua nyingi kuliko zote. Shule za msingi zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, tulikuwa tumebakiza tofali 60.

Nilikuwa na msemo wangu wa kujivuna, kwamba hela ikikaa kwenye simu kila mgonjwa wa ukoo ana namba yake, lakini tofali hakuna anayekuja kuikopa. Mwezi wa nane shemeji yangu akaja na toyo, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, kuomba tofali 200 za kumalizia msingi wake. Amekuja na kuku. Nimkatalie vipi na mama yake amesimama pale, kopo mkononi? Alizirudisha mwaka uliofuata, mzigo wa kununua barabarani. Hizo ndizo banda letu la kuku, na kuku wanazidonoa.

Kilichotuokoa sikukipanga. Mwishoni mwa 2020 saruji ilipanda bei ghafla, ikawa gumzo la nchi, hadi Waziri Mkuu akawaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie. Wakati huo saruji ya tofali zetu ilikuwa imeshageuka mawe chini ya mwembe. Tulihitaji ya kujengea tu, tukangoja kidogo, msingi ukaanza mwaka uliofuata. Tulihamia 2022, dari hakuna, madirisha ya nyuma yamezibwa kwa mbao.

Je, tuliokoa hela? Daftari langu linasema kidogo sana. Ukijumlisha mashine, vijana, maji, soda za vijana na lile lori la udongo, tofali yetu ilikaribia bei ya dukani. Tofauti ni kwamba kwa mkupuo tusingeweza kununua hata nusu yake, na hela ya mifuko minne kila Jumamosi ingeyeyuka kwenye mambo ambayo leo tusingeyakumbuka. Kama ningerudia? Kufyatua ningerudia. Jumamosi nisingezitoa zote, maana mshonaji asiyeonekana Jumamosi wateja wa harusi wanamhama, na wangu wengine hawajarudi mpaka leo.

Plasta ya nje bado. Wiki iliyopita alikuja fundi mgeni kupima, akataka kupigilia msumari ukutani afunge kamba yake. Ukapinda. Akatoa wa pili, nao ukapinda. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele, hata hakuinua uso.

"Hizo zilikaa arobaini, baba," akamwambia. "Kalete msumari wa zege."